Jiwe Lisiloacha Tone: Hotuba Kuhusu Usablimishaji

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, wanafunzi: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Kabla sijaenda mbali, tazameni mezani. Hicho cheupe kilichokaa juu ya mizani ni kipande cha barafu kavu, yaani kabonidioksaidi iliyoganda. Mizani inasoma gramu 412. Mwenye kalamu aiandike hiyo namba, maana mimi nina tabia ya kusahau. Madirisha yako wazi kwa makusudi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, na katika chumba kilichofungwa inaweza kumnyima mtu pumzi bila hata harufu ya kumshtua. Na tafadhali, asikishike mtu kwa mkono mtupu. Kina nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na ngozi huungua kwa baridi kama inavyoungua kwa moto.

Tukiache kifanye kazi yake, sisi tuzungumze.

Neno nililoitiwa hapa ni usablimishaji. Najua ni zito mdomoni. Kitenzi chake ni kusablimika, na ndicho kinachofanywa na kipande kile sasa hivi: kutoka yabisi hadi gesi bila kupitia umajimaji. Katika maongezi yetu ya kila siku hatuna neno tulilolizoea kwa jambo hili, na nadhani sababu ni kwamba tumeridhika na kuyeyuka. Barafu imeyeyuka. Fedha zimeyeyuka. Jamaa aliyekopa naye, siku ya kulipa ilipofika, ameyeyuka. Huyu wa mwisho tunamsingizia. Angeyeyuka kweli angeacha dimbwi sakafuni, tungejua aliishia wapi. Yule amesablimika.

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, na miaka ya mwanzo somo hili nililifundisha vibaya. Nilikuwa natia chembe za ayodini katika chupa, napasha moto, mvuke wa zambarau unapanda, darasa linapiga kelele za furaha, nami naandika ubaoni kwamba ayodini haina hali ya kimiminika. Siku moja nilikuwa na haraka, nikaongeza moto. Binti mmoja wa mstari wa mbele akainama, akachungulia, akasema, "Mwalimu, mbona huku chini kuna majimaji?" Nikamjibu kuwa ni uchafu wa chupa.

Haukuwa uchafu. Ayodini huyeyuka kwenye nyuzi 113.7 na kuchemka kwenye nyuzi 184.3. Kimiminika chake kipo, cheusi, tena kizito. Ila ayodini hutoa mvuke mwingi hata kabla ya kufika kwenye nyuzi hizo, na ukiipasha taratibu inakuwa imekwisha kabla hujaona tone. Yule binti alikuwa na macho, mimi nilikuwa na kitabu. Wiki iliyofuata nilimwomba radhi mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo kila ninaposikia neno "haiwezi" katika kemia huwa nauliza kwanza: katika shinikizo gani, na kwa joto gani?

Maana siri yote iko kwenye shinikizo. Kimiminika ni hali inayotaka kubanwa. Molekuli zikishachangamka kiasi cha kuachana, kinachozizuia zisitawanyike kabisa ni uzito wa kile kinachozikandamiza kutoka juu. Kabonidioksaidi haiwezi kuwa kimiminika mpaka ibanwe kwa shinikizo linalozidi mara tano lile la hewa tunayovuta. Hapa mezani hakuna wa kuibana hivyo, basi inaruka. Maji nayo yana kizingiti chao, lakini ni cha chini sana, paskali 611 hivi, takriban sehemu moja kwa 166 ya shinikizo la hewa usawa wa bahari. Ndiyo maana tumezoea kuona barafu ya maji ikilowesha kila kitu.

Hata hivyo barafu ya kawaida nayo husablimika, polepole, bila kelele. Vipande vya barafu ukivisahau miezi kadhaa ndani ya jokofu linalogandisha, utavikuta vimepungua na kuwa na kingo za mviringo, ingawa humo ndani hakuna siku joto lilipanda juu ya sifuri. Hewa ikiwa kavu, molekuli za juu ya barafu huondoka moja moja zisirudi.

Mwaka 2008 jambo hili dogo lilileta habari kubwa. Chombo cha NASA kiitwacho Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi mwezi Mei. Mwezi uliofuata kilichimba mtaro mdogo, na ndani yake vikaonekana vijipande vyeupe vyenye ukubwa wa dadu. Je, ni chumvi au ni barafu? Wanasayansi hawakuhitaji kuvigusa. Walipiga picha, wakasubiri siku nne, wakapiga tena. Vijipande havikuwepo. Chumvi haiwezi kutoroka kwa siku nne, na barafu ya kabonidioksaidi isingedumu hata siku moja kwenye joto la pale. Basi ilikuwa barafu ya maji. Mimi huwa nacheka kidogo nikilikumbuka: ushahidi kwamba kitu kipo ulipatikana kwa kuona kwamba hakipo tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Watu wakisikia "bila kupitia kimiminika" hudhani wamesikia habari za njia ya mkato. Hesabu inakataa. Ukichukua kilo moja ya barafu ya maji kwenye nyuzi sifuri, kuiyeyusha tu kunadai kilojuli 334 hivi. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, kwenye nyuzi zilezile sifuri, kunadai kama 2,500. Je, ukiirusha barafu moja kwa moja kuwa mvuke? Takriban 2,834. Jumlisheni wenyewe. Barafu imeruka kituo cha katikati lakini nauli imelipa ya safari nzima, hakuna hata senti iliyosamehewa. Joto hilo huchotwa kwenye chochote kilicho karibu. Barafu kavu inachota kwenye ubao uliowekwa chini yake, kwenye hewa, na wewe wa mstari wa kwanza unayekunja mikono, inachota kwako pia.

Kuna nusu ya pili ambayo walimu tunaipitia mbiombio. Kilichopanda lazima kitue. Mwaka 1811 Bernard Courtois, Mfaransa aliyekuwa akitengeneza shura ya kuundia baruti, alimwaga asidi nyingi mno kwenye mabaki ya majivu ya mwani. Ukafuka mvuke wa zambarau. Mvuke peke yake ungekuwa kioja cha asubuhi moja, watu wakasimuliana na kusahau. Lakini ulipogusa sehemu baridi uliganda ukawa chembe nyeusi zinazong'aa, na chembe hizo ziliweza kukusanywa, kupimwa, kupelekwa kwa wenzake wazichunguze. Hivyo ndivyo ayodini ilivyojulikana. Pasipo sehemu baridi, kusingekuwa na ugunduzi.

Wataalamu wa zamani walilijua hili kuliko sisi. Neno la Kilatini sublimare lina maana ya kuinua, kupeleka juu. Waarabu walitumia neno lao wenyewe, tas'id, kupandisha. Al-Razi, tabibu na mwanakemia aliyefariki mnamo mwaka 925, aliitaja miongoni mwa kazi za msingi za maabara. Walikuwa na chombo maalumu, al-uthal, ambacho Wazungu walikichukua na jina lake wakalitamka aludel: chini moto, juu baridi. Unaweka kitu kichafu chini, kinachofaa kinapanda na kuganda juu, takataka inabaki chini. Hata salfa husafishwa kwa mtindo huo, na unga wake laini wa manjano Wazungu huuita maua ya salfa. Kwetu salfa tuliipa jina kutoka Kiarabu, kiberiti, kisha jina likahamia kwenye njiti za kuwashia moto na wenye jina lao tukawasahau.

Lakini msidhani kila kilichopanda ni kisafi kwa maana ya kufaa. Miongoni mwa vitu mashuhuri vilivyopatikana kwa njia hii ni kloridi ya zebaki, ambayo kwa karne nyingi Ulaya iliitwa tu "sablimeti". Nyeupe, safi, inang'aa, na ni sumu ya kuua. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji.

Na mara nyingine tunachokitaka hakipandi, kinabaki. Baadhi ya chanjo hugandishwa, huwekwa katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, halafu hupewa joto kidogo kidogo. Barafu huondoka kama mvuke bila kulowesha chochote, na kinachobaki ni unga mkavu ambao haujavurugika, kwa sababu maji hayakupata nafasi ya kuwa maji. Katika miaka ya 1950 Leslie Collier wa Uingereza alipata namna ya kuikausha hivyo chanjo ya ndui hata ikaweza kukaa miezi mingi kwenye joto bila jokofu. Kabla ya hapo chanjo ilikuwa ikiharibika njiani ikielekea kwa watu walioihitaji kuliko wote. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, naye alipona. Tarehe 8 Mei 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Kazi ile ilifanywa na watu, sindano na miguu mingi iliyotembea. Lakini waliotembea walibeba unga mkavu mifukoni, na unga ule ni zao la usablimishaji.

Globu zile za zamani zenye utambi wa tungsteni, zinazofanya weusi ndani ya kioo zikizeeka, ni habari hiyohiyo: chuma kimesablimika kikatua kwenye kioo. Kafuri na vidonge vya naftalini vinavyopungua kabatini pia. Sikai hapo, mnavijua.

Haya. Neno hili lilitokaje maabara likaingia moyoni mwa watu?

Aliyelifanya maarufu ni Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, katika maandishi yake kuanzia mwaka 1905. Lakini hakuwa wa kwanza. Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1878 alikuwa ameshaandika juu ya kemia ya mawazo na hisia, akidai kwamba mambo tunayoyaona ya juu kabisa yana asili kwenye mambo ya chini, yamesablimika tu. Freud alilichukua neno akalifanyia kazi. Kwake tamaa, hasa ya kimwili, ni nguvu. Nguvu hiyo mtu anaweza kuifungia ndani ikamtesa, au kuiacha ifanye itakavyo, au kuielekeza kwenye kazi ambayo jamii inaiheshimu: uchoraji, sayansi, uandishi. Hiyo njia ya tatu ndiyo aliyoiita kusablimisha. Binti yake, Anna Freud, mwaka 1936 aliiorodhesha pamoja na mbinu nyingine ambazo nafsi hujikingia. Baadaye George Vaillant, daktari wa akili aliyesimamia utafiti wa Harvard uliowafuatilia wanaume tangu mwaka 1938, aliiweka kwenye kundi la mbinu za watu waliokomaa, bega kwa bega na ucheshi.

Mimi si mtaalamu wa nafsi. Lakini mfano wameuazima kwetu sisi watu wa chupa na moto, basi nina haki ya kuuliza kama wanautunza vizuri.

Mahali pamoja Freud mwenyewe aliutunza kuliko wafuasi wake. Mwaka 1908 aliandika kwamba jambo hili haliwezi kuendelezwa bila kikomo, kama vile mashine isivyoweza kugeuza joto lote kuwa kazi. Na mwaka 1930 alikiri kwamba ni njia ya wachache. Watu wa siku hizi wa kutoa ushauri wamekitupa kipande hicho cha maneno yake. Utamsikia mtu anamwambia aliyefiwa, au aliyedhulumiwa mshahara wa miezi mitatu, "geuza uchungu wako uwe sanaa." Kama vile uchungu ni pazia, unalivuta tu upande wa pili. Na zile kilojuli 2,834 atalipa nani? Joto litachotwa mahali fulani: kwenye usingizi wake, kwenye afya yake, kwa watoto wake wanaoishi na mtu aliyeelekeza kila kitu kwenye kazi. Wengi tumewahi kuishi karibu na msanii au mwalimu mwenye bidii ya ajabu, tukasifu kazi, na nyumbani kwake kukawa baridi kama ubao ule ulio chini ya barafu kavu. Huwa nawaza haya kila nikisikia wasifu ukisomwa kwenye mazishi.

Kiswahili, kwa bahati, kina hekima yake humu. Hasira kwetu hupanda. Mtu hupandwa na mori, hupandwa na jazba, damu humchemka, kisha tunamwomba ashuke, apoe. Tumeliona tangu zamani suala la joto na suala la kupanda. Ila shauri letu kubwa limekuwa kupoza tu, hasira hasara, yaishe. Hatuulizi sana kama kile kilichopanda kina mahali baridi pa kutua kikawa chembe.

Mwaka 1980 huko California mama mmoja, Candace Lightner, alimpoteza binti yake wa miaka 13 aliyegongwa na dereva mlevi. Mwaka uleule alianzisha shirika la akina mama wanaopinga ulevi barabarani. Watu humtolea mfano kama mtu aliyegeuza huzuni kuwa wema, na hadithi huishia hapo, mvuke wa zambarau, makofi. Mimi natazama kilichoganda. Mwaka 1984 Marekani ilipitisha sheria ya kuyasukuma majimbo yote yaweke miaka 21 kuwa umri wa kuruhusiwa kununua pombe, na shirika lile lilikuwa miongoni mwa walioipigania. Sheria unaweza kuishika, kuipima, kumkabidhi mtu mwingine ambaye hakuwahi kufiwa. Huzuni ya mama ilipata kioo cha kutulia. Sidhani hata siku moja aliambiwa kwamba hasira yake imekwisha, na sioni sababu iwe imekwisha.

Sasa ikumbukeni ile sablimeti ya zebaki. Hasira inaweza kupanda vizuri kabisa, ikatakata, ikang'aa, ikawa hotuba tamu kwenye kipaza sauti dhidi ya kundi fulani la watu. Hiyo nayo imesablimika, kwa kila kipimo. Imetoka kwenye tope la mtu binafsi ikawa kitu ambacho umati unakiheshimu. Freud alisema jamii ndiyo inayokipa thamani kile kinachotokea. Hapo mimi naona kuna shimo, maana jamii iliwahi kutukuza sumu nyingi. Kemia haina jibu la hili. Mwanakemia anajua tu kwamba usafi na usalama ni vipimo viwili tofauti, na kwamba chupa huandikwa lebo baada ya kupimwa, hata kama kilichomo ni cheupe namna gani.

Swali ambalo huulizwa kila mara: je, kusablimisha si kujikandamiza tu kwa jina zuri? Hapana, na ninaweza kulijibu kwa hiki kipande. Kilo moja ya barafu kavu hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Ukiitia kwenye chupa ukaziba kizibo, kwa muda hutaona kitu. Chupa itaonekana imetulia, hata utaisifu kwa utulivu. Kisha itapasuka, na vipande vyake vimeshawaumiza watu wengi waliodhani ni mchezo. Msijaribu. Huko ndiko kujikandamiza. Hapa mezani hakuna kizibo, ndiyo maana tumekaa nacho nusu saa tunaongea.

Ebu, nani aliandika namba? 412, asante. Sasa mizani inasoma 365. Zimepungua gramu 47, ambazo kwa joto la chumba hiki ni kama lita 26 za gesi, nyingi imetoka dirishani na kiasi mmekivuta bila kujua. Kwa kweli iliyoondoka ni zaidi ya hapo, kwa sababu mizani imedanganywa kidogo. Njooni karibu muone. Ubao ni mkavu, hakuna tone. Ule ukungu mweupe unaomwagika ukingoni mwa meza si kabonidioksaidi, kwani gesi hiyo haionekani kwa macho. Ni unyevu wa hewa uliopozwa. Na tazameni juu ya kipande chenyewe: kimeota manyoya meupe ambayo hayakuwepo tulipoanza. Hiyo ni sakitu. Ni mvuke wa maji uliokuwa humu chumbani, mwingine umetoka vifuani mwenu mkicheka, umekuja ukaganda hapo moja kwa moja bila kuwa maji. Huo ndio uzito uliojificha kwenye mizani.

Glovu ziko mbili tu, kwa hiyo mshike kwa zamu. Na mwenye swali aanze.